Mfarishi Uliogawiwa Badjanani

Haya jamani, nimekaa chini naandika. Tangu nirudi, kila anayeingia chumbani kwangu anakiona kile kipande chenye nyota nyekundu juu ya meza, anauliza, naanza kueleza. Kabla sijafika hata Moroni anaingia mwingine, naanza upya. Subira hiyo sina, mnanijua. Someni wenyewe. Habari za pasi na tiketi sizitii humu, hizo alihangaika nazo Mjomba Athumani niliyesafiri naye, muulizeni yeye mkitaka kumuona akikasirika.

Ila jambo moja lijueni tangu mwanzo: mfarishi ulifika Mutsamudu, na niliyeufikisha ni mimi.

Kariakoo: bati la biskuti

Mama yangu ni mzaliwa wa Mutsamudu, kisiwa cha Nzuwani. Aliolewa akaletwa Dar, na tangu siku hiyo hakurudi. Sasa mdogo wake, Mama Mdogo Raziki, anamwoza bintiye, Mwanaesha. Kule kwao nyumba ni ya bibi harusi, mume ndiye anayehamia. Kwa hiyo nyumba lazima ijazwe vitu, na kabla bwana harusi hajaingia, wanawake wa mji wanakuja kutazama. Kila kitu kinainuliwa juu na anatajwa aliyekileta. Mama alikuwa ameahidi mfarishi wa kitanda, wa kushonwa kwa mkono, nyota ishirini na tano, safu tano kwa tano, ndani umejazwa sufi.

Alikwisha kata vitambaa vyote. Halafu macho yakamkatalia. Uzi anauona, tundu la sindano halioni.

"Watataja majina ya watu wote," akaniambia, "wakifika kwangu watanyamaza. Miaka yote hii sijawapelekea hata kijiko."

Nikasema nitaushona mimi, njiani, na nitaupeleka. Mama akacheka. "Wewe? Sweta ya mdogo wako ina mkono mmoja mpaka leo."

Maneno hayo yaliniingia. Nikaamua nitafungasha vitu hivi kwa namna ambayo hata mtu asiye na subira atamaliza. Shida yangu mimi si kushona. Shida yangu ni kutafuta: mkasi uko wapi, uzi gani, kipande kipi kinafuata kipi. Hapo ndipo huwa naacha kila kitu naondoka. Basi kila nyota nikaifungia kifurushi chake. Ndani vipande vyake vimepangwa kwa mfuatano, uzi wa kutosha nyota ile tu umezungushwa kwenye kadi, na sindano imechomekwa kwenye kitambaa kilichopakwa mafuta ya cherehani isije ikala kutu baharini. Nje nikafunga utepe mwekundu. Vifurushi vyote vikaingia katika bati kubwa la biskuti, vimelala kwa safu kama biskuti zenyewe. Nta ya kupaka uzi na mkasi juu yake. Subana ya Mama, ile kofia ya chuma ya kidole, nikaitia kamba nikaivaa shingoni. Sufi nikaishindilia ndani ya foronya, ikawa mto wangu wa kulalia.

Mama alilipapasa bati zima kwa vidole, kifurushi kimoja kimoja. Hakusema kitu. Kwa Mama, hiyo ni sifa.

Melini

Meli ilichelewa kuondoka, ikachelewa tena ilipokwisha ondoka, sijui hata ilikuwa inasubiri nini katikati ya maji. Mjomba Athumani alianza kutapika bandari bado inaonekana. Mimi nilikaa kwenye ngazi ya sitaha na kifurushi changu mapajani. Kimoja kikiisha, nachukua kingine. Mpango wangu ulifanya kazi! Nyota tisa niliziweka tayari kabla hatujauona mlima wa Ngazija, kisiwa chenye Moroni, na mshono wangu ulikuwa sawasawa kama meno ya kitana.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Moroni, mfanyabiashara wa vitambaa, Kiswahili chake kizuri. Alisimama akalitazama bati.

"Vyote hivyo unakwenda navyo Moroni?"

"Napita tu, naenda Mutsamudu."

"Na vimefungwa utepe hivyo hivyo?"

"Ndiyo."

"Mh. Viweke ndani ya sanduku, binti. Vimependeza mno."

Nikadhani ananisifu. Nikamwambia ahsante nikaendelea kushona.

Moroni

Moroni meli haisogei pwani, inasimama mbali mnashushwa kwenye mashua. Mawe ya pale ni meusi kama mkaa, maji yanayapiga, na wapagazi wanapokezana mizigo huku wanatukanana kwa furaha. Bati langu lilipita mikononi mwa watu watatu mie roho juu.

Tulifikia Badjanani, mji wa zamani, vichochoro hivyo mkikutana wawili mmoja anageuka ubavu. Mwenyeji wetu ni Bi Sitti, mjane wa binamu yake Mjomba. Amewahi kukaa Unguja, kwa hiyo Kiswahili anakijua. Nilimwamkia "kwezi" kama Mama alivyonifundisha, akaitikia "mbona", akanibusu akanisukumia sinia. Mkate wa sinia mtamu, kisamvu cha nazi na samaki, ndizi za kukaanga. Nikila naongezwa. Nikisema nimeshiba, anauliza mama yangu hakunifundisha kula?

Habari mbaya ilikuja na kahawa. Boti ya kwenda Mutsamudu imefunguliwa injini, iko chini vipande vipande, na fundi amekwenda mazishini. Mjomba aliposikia kuwa leo hapandi chombo chochote cha majini alishukuru Mungu, akaenda kulala. Na mimi, nimeshiba vile, nikalala.

Niliamka alasiri kwa sauti za wanawake. Ukumbi umejaa. Kila mmoja ananishika mkono, ananiombea mume mwema. Mama mmoja mnene, jina lake Hadija, akanibusu vidole kabisa. "Marahaba mwana wa Dar, umetukumbuka!" Marahaba ya kule ni ahsante. Mkononi ameshika kifurushi. Utepe mwekundu.

Nikakimbilia chumbani. Bati liko wazi. Mna nta na mkasi.

Nieleze vizuri hapa, maana Shamsa alivyonisikiliza juzi alidhani niliibiwa. Hakuna aliyeiba. Kule, mgeni anayetoka ng'ambo anakuja na kitu kidogo kwa kila nyumba ya jirani. Kanga na sabuni tulizochukua kwa ajili hiyo zilikuwa ndani ya sanduku la Mjomba, ufunguo mfukoni mwa Mjomba, na Mjomba anakoroma. Majirani wameanza kuja kunisalimu. Bi Sitti hakutaka waondoke mikono mitupu wakanisema. Akafungua bati, akakuta vifurushi vimefungwa utepe kimoja kimoja, vyote sawa. Wewe ungedhani nini? Angevikuta vitambaa vimetupwa ovyo kama nyuzi zangu za siku zote, asingevigusa. Nilifungasha vizuri mpaka nikanyang'anywa na uzuri.

"Nimekupandisha jina mji mzima," Bi Sitti akaniambia, uso unang'aa. "Vimekwisha vyote, hakijabaki hata kimoja!"

Nyota kumi na sita. Zilizosalimika ni zile tisa tu nilizokuwa nimezilalia chini ya mto.

Nikamwamsha Mjomba. Akasikiliza jicho moja limefumbwa. "Zawadi hairudishwi."

"Si zawadi, Mjomba! Ni mfarishi wa Mama!"

"Imepokewa, imeshukuriwa, imeombewa dua. Ni zawadi. Ukienda kugonga milango hapa kudai, mimi sikujui, nitasema nilikuokota melini."

Nilikaa uwani nikilia kwa hasira. Nilimuona Mama amekaa Kariakoo na macho yake yale, na wanawake wa Mutsamudu wamenyamaza. Mwisho sikuweza kujizuia, nikamfuata Bi Sitti jikoni nikamwambia yote, bila adabu hata kidogo, mpaka habari ya sweta.

Akaweka mwiko chini. Nikadhani atalia. Kumbe anacheka, anacheka mpaka amekaa sakafuni. "Nyota! Na mimi nimemwambia Hadija ni viraka vya kutengenezea mto wa pini!" Halafu akafuta macho, akafikiri. "Kurudisha hawawezi, ni aibu yako na yangu. Lakini hakuna aliyesema hawawezi kuja navyo."

Akajitupia buibui akatoka. Sikujua anakwenda kusema nini. Nilipata kujua kesho yake asubuhi, walipoanza kuingia, kila mmoja na kifurushi chake kwapani.

"Ati tunawashonea Wanzuwani?" mmoja akauliza kabla hajaketi.

"Tunamshonea binti wa dada yao," Bi Sitti akasema. "Lakini watakaotazama ni Wanzuwani, hilo kweli. Wewe kama mkono wako umekuwa mzito, nenda nyumbani, nitawaambia ulikuwa mgonjwa."

"Mzito mkono wangu? Kofia wanazovaa wanaume wao wanazitoa wapi?"

"Basi keti."

Aliketi. Wote waliketi. Hakuna aliyetaka Nzuwani ije iseme kwamba Badjanani hawajui sindano. Mimi nikapita katikati kama mwalimu, naonyesha kipande gani kinafuata. Walinisikiliza kwa heshima, halafu kila mtu akashona anavyojua yeye. Wale ni watu wa kudarizi kofia, mshono wao mdogo sana na wa kubana, wangu ukaonekana mrefu. Hadija ndiye aliyenitia wazimu. Katikati ya nyota yake alitoboa vitundu kama vya kofia, akavizungushia uzi vizuri.

"Mama Hadija, hivyo havimo!"

"Nimeitia macho. Nyota isiyo na macho itamulikaje?"

Wakacheka. Kicheko kikaenda kikarudi. Nikatamani kuifumua, nikaitazama tena, nikaona aibu, maana ilikuwa nzuri kuliko zangu zote. Kabla ya adhuhuri ya siku ya pili nyota zilikuwa zimerudi kwenye bati, zimeshonwa. Nikazihesabu. Nikazihesabu tena.

Moja haipo.

Kupanda Mvouni

Ilikwenda Mvouni, kijiji kilicho juu mlimani. Bibi mmoja, Koko Zaituni, aliteremka siku ile kuuza ndizi, akaingia kwa Bi Sitti kunywa maji, naye akapewa. Wakati huo huo tukasikia kwamba injini imefungwa na boti inaondoka kesho. Tukapanda, Bi Sitti akihema nyuma, mimi mbele nikimwambia twende, twende.

Koko Zaituni tulimkuta anafukuza kuku jikoni kwake. Aliposikia shida yetu alikwenda ndani akakileta kitambaa. Alikuwa ameanza. Pembe moja tu ya nyota, lakini mshono wake ilibidi niinamishe uso kuuona.

"Nitaimalizia njiani, Koko," nikasema. "Nipe tu."

Bi Sitti akanifinya.

Koko akanitazama. "Ulinipa, au hukunipa?"

Mngejibu nini nyinyi? Nikasema, "Nilikupa."

"Basi ni yangu. Na changu nakishona kwa mwendo wangu. Kidogo baada ya kila sala."

"Boti inaondoka kesho!"

"Nenda nayo. Mimi sisafiri." Akatuwekea muhogo wa kuchoma na samaki mkavu, akasimama juu yetu mpaka tumalize. Muhogo ulikuwa mtamu na nilikuwa na hasira nao.

Kuteremka, Bi Sitti akasema, "Ungesema hukumpa, angekupa." Nikamwambia najua. "Kwa nini basi hukusema?" Angalikuwapo Mama, angalisema vile vile nilivyosema mimi.

Boti

Saruji, mbuzi, mapipa, na Mjomba ameegemea mapipa anaomba radhi kwa kila mtu aliyemkosea duniani. Nilikaa juu ya magunia nikiunga nyota, safu kwa safu. Mama mmoja wa Domoni alinishikia ncha ya pili ili upepo usinipeperushie, tukavutana hivyo kama watu wanaokunja shuka, na mbuzi akala utepe wangu mwekundu. Nikamwachia. Ule utepe ulikwisha nitesa vya kutosha.

Safu ya mwisho ilikuwa na nyota nne na pengo pembeni.

Mutsamudu

Harufu ya mlangilangi inakupokea kabla hujashuka. Mutsamudu wanaupika wanatoa mafuta ya manukato, na mji mzima unanukia kama umetoka kuoga. Wanawake wamejitanda shiromani, nyekundu na nyeupe, nikaona mara moja kwa nini Mama alichagua nyekundu.

Mama Mdogo Raziki alinikumbatia mlangoni, akalia, akasema nina pua ya dada yake. Halafu akauliza, "Uko wapi?" Hakuwa anauliza habari za Mjomba.

Tukautandika mkekani. Wakaja wa nyumbani kuutazama, pamoja na Bi Nuru, shangazi yake bibi harusi, mwanamke mwembamba ambaye ulimi wake unakata kucha. Alizunguka mfarishi wote akasimama kwenye pengo.

"Hii imeuzwa njiani?"

"Iko Mvouni," nikasema. "Inashonwa."

"Ah. Na bwana harusi naye akae Mirontsy angoje?" Mirontsy ni mji wa jirani, ndiko kwao huyo bwana harusi. Wakacheka. Bi Nuru akainama, kidole chake kikakuta vitundu vya Hadija. "Na hii je? Yenye macho?"

"Ya Moroni."

"Nilijua. Wangazija, hata wakishona wanachungulia."

Nikacheka na mimi. Siku ya kutazama nyumba ilikuwa keshokutwa. Kitambaa chekundu cha kufanana nacho hakikupatikana dukani, nilizunguka mpaka Mirontsy. Niliporudi, Mama Mdogo alikuwa amekaa na kasha mbele yake, amelifungua. Akatoa shiromani ya zamani, imekunjwa na majani makavu ya mlangilangi ndani.

"Aliiacha siku aliyoondoka. Alisema atarudi kuivaa." Akaipapasa. Akaniletea mkasi wangu mwenyewe. "Kata."

"Mama Mdogo, siwezi."

"Kata tu. Yeye harudi. Macho yake yale atakuja kutazama nini? Lakini kitandani kwa mwanangu anaweza kulala."

Nikakata. Nyota ile niliishona mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani sikutazama nimebakiza kiasi gani. Halafu tukafunga mlango, tukautandaza mfarishi juu ya kitanda, tukajaza sufi, tukapiga bandi kushika tabaka zote, tukashona tumeuzunguka, hata Bi Nuru. Subana tulikuwa nayo moja tu, tukapokezana. Vidole vya Bi Nuru vilitoka damu akasema ni sindano za Dar, hazina adabu.

Siku yenyewe wanawake walijaa mpaka ngazini. Bi Nuru ndiye aliyekuwa anatangaza. Kasha, la nani. Vikombe, vya nani. Kioo, cha nani. Kila jina vigelegele. Mimi nimebanwa ukutani. Akafika kitandani. Akaunyanyua mfarishi kwa ncha mbili, akaufungua wote, akangoja watu wanyamaze.

"Mfarishi! Wa Mariamu, binti wa nyumba hii, aliye Dar es Salaam!"

Vigelegele, jamani. Vilitoka ukumbini vikaenda ngazini vikatoka kichochoroni. Wazee waliomjua Mama akiwa msichana walikuwa wanalirudia jina lake wao kwa wao, Mariamu, Mariamu, kama mtu aliyeingia mlangoni sasa hivi. Bi Nuru akangoja tena. "Na wameshona watu wa Moroni, mkaone macho yao. Na amemaliza huyu hapa." Akaninyooshea kidole. Kila mtu akanitazama. Sikuinama. Nilisimama wima nikawaacha watazame.

Moroni tena, na nyumbani

Kurudi, meli ilisimama Moroni kidogo tu, hatukuruhusiwa kushuka. Bi Sitti alikuja na mashua mpaka ubavuni mwa meli, amesimama anayumba, akanirushia kifurushi. Nilipokidaka nikajua ni nini. Ndani mna nyota ya Koko Zaituni, imekwisha, na sindano yangu imerudishwa mahali pake kwenye kitambaa cha mafuta.

"Kasema hivi," Bi Sitti akapaza sauti. "Sasa hii ni zawadi yake kwako. Na hairudishwi!"

Mama nilimkuta amekaa palepale. Nikamweleza vigelegele, nikamweleza jina lake, nikamweleza shiromani. Hapo akanishika mkono. Kisha nikampa ile nyota. Akaipitisha chini ya vidole, polepole, pembe moja baada ya nyingine.

"Huyu aliyeshona hakuwa na haraka," akasema.

"Hakuwa nayo hata kidogo."

"Na wewe ulimaliza."

"Nilimaliza, Mama."

Basi hiyo ndiyo iliyo juu ya meza yangu. Ni nyota ya kwanza ya mfarishi wangu mimi, zimebaki ishirini na nne, na vitambaa nimekwisha kata. Shamsa, Rukia, nyote mnaosoma hii: kila mmoja wenu ana kifurushi chake ndani ya bati la biskuti, kimefungwa utepe. Msije mkanishukuru. Njooni Ijumaa baada ya sala, na mkae chini mshone.